Nipe Mji

Lilikuwa swali la pili kutoka mwisho. Timu zilikuwa sawa, 140 kwa 140, na feni za ukumbi zilikuwa zimeshindwa na joto la Bagamoyo tangu saa nane mchana. Msoma maswali akasoma: "Jina la mji huu tuliomo, Bagamoyo, lina maana gani?" Hajafunga mdomo, taa ya upande wa kushoto ikawaka. Aliyebonyeza alikuwa msichana wa mwaka wa pili chuoni, mzaliwa wa hapo hapo mjini, upande wa Dunda, ingawa hilo nililijua baadaye. Alijibu bila haraka: "Ni bwaga moyo. Yaani pumzika. Wapagazi walikuwa wakifika hapa wanatua mizigo, moyo unatulia."

Msoma maswali akanigeukia. Jaji nilikuwa mimi. Mbele yangu palikuwa na kadi, na kwenye kadi pameandikwa kwamba ni mahali pa kukata tamaa, watumwa walipobwaga mioyo yao kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Nikaitazama kadi. Nikamtazama yeye. Nikavuta kipaza sauti, nikasema, "Si sahihi."

Swali likahamia upande wa pili. Kijana wa huko akalijibu karibu neno kwa neno kama lilivyo kwenye kadi, maana lilikuwamo kwenye kijitabu cha kujiandalia ambacho timu zote zilipewa wiki tatu kabla. Alama 10. Swali la mwisho halikupata mtu. 150 kwa 140. Makofi, ngao, tableti moja kwa kila mshindi, picha na mgeni rasmi. Hakuna aliyelalamika, hata timu iliyoshindwa. Kwa hiyo kama unatafuta matokeo ya fainali ile, ni hayo, na ni halali.

Shida ni kwamba mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu ni ya wapagazi wa misafara. Siwezi kusema sikujua. Nimekaa miaka miwili na Wanyamwezi wa karne ya 19, watu waliobeba pembe za ndovu kutoka bara, kupitia Tabora, hadi pwani, kwa ujira, wakifika kwa maelfu kila msimu. Najua kwamba watumwa nao walipita Bagamoyo, tena wengi, na hakuna haja ya kulipunguza jambo hilo hata chembe. Lakini najua pia kwamba bandari kubwa ya kusafirishia watumwa ilikuwa Kilwa, kusini, na kwamba Bagamoyo iliishi hasa kwa msafara na pembe. Mwaka 2019 vilitoka vitabu viwili kuhusu mji huu, cha Steven Fabian na cha Jan Lindström. Hicho cha Lindström kinafuatilia jinsi kumbukumbu ya wapagazi ilivyofifia na ile ya utumwa ikakua, hasa pale mji ulipoanza kujitangaza kwa wageni. Vyote viwili viko kwenye marejeo yangu. Nimevinukuu. Nimepata alama kwa kuvinukuu.

Na lugha yenyewe inamtetea yule msichana. Kubwaga ni kutupa chini kilichokuelemea. Anayebwaga mzigo anapumzika. Anayebwaga manyanga ameshindwa. Kitenzi ni kimoja, na mtu anaweza kusimama ufukweni pale pale, mmoja akashusha pembe na kucheka, mwingine akafungiwa akisubiri jahazi, na wote wawili wakawa wamebwaga. Wataalamu hawajakubaliana ni maana ipi ilitangulia. Kadi ilikuwa imechagua moja. Uandishi wa maswali ndivyo ulivyo, unachagua. Katika fainali hiyo hiyo kulikuwa na swali la nani waliubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874, na jibu kwenye kadi lilikuwa "Chuma na Susi". Kweli. Lakini msafara ule ulikuwa na watu wengi, akiwamo Jacob Wainwright, aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza na kuwa miongoni mwa walioshika kitambaa chake siku ya maziko pale Westminster Abbey. Angebonyeza mtu akasema "Wainwright na wenzake", ningemwambia nini?

Michezo hii ina historia yake. Marekani ilianza redioni mwaka 1953 kwa jina la College Bowl, Waingereza wakaifuata kwenye televisheni mwaka 1962 na University Challenge, Ghana wana ya kwao ya sayansi na hisabati kwa shule za sekondari tangu 1993. Huku kwetu niliikuta kwenye televisheni ya jirani nikiwa shule ya msingi, ile iliyoanza 2007 ikiitwa Celtel Africa Challenge, kisha Zain Africa Challenge kampuni ilipobadili jina, ikiendeshwa na Mkenya John Sibi-Okumu kwa sauti yake ya kutotetereka. Vyuo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, vya Tanzania vikiwamo. Sikuelewa hata robo ya maswali, ila nilielewa kwamba kuna watu wakubwa wanaoshangiliwa kwa sababu ya kujua, kama wengine wanavyoshangiliwa kwa sababu ya mpira. Mwaka 2010 Airtel ikanunua biashara ya Zain barani na mashindano yale nikawa siyaoni tena. Nafikiri nilikubali kuwa jaji wa Bagamoyo kwa ajili ya sauti ile tu. Nilitaka kuwa mtu wa mezani.

Wamarekani, ambao mchezo huu kwao umekuwa karibu dini, wana utaratibu wa pingamizi. Mchezaji anayeamini kwamba jibu lake limekataliwa kimakosa anasema, pingamizi linaandikwa, mchezo unaendelea, na mwishoni linaamuliwa ikiwa tu litabadili mshindi. Nilipousoma utaratibu huo mara ya kwanza nilisema, hawa wamepevuka. Nilipousoma tena, baada ya Bagamoyo, nikaona kitu kingine ndani yake: kama umepitwa kwa alama 200, ukweli wa jibu lako haumhusu mtu. Huo ni utaratibu wa kulinda matokeo. Ukweli unaingia pale unapokuwa na kazi ya kufanya kwenye ubao wa alama.

Sisi hatukuwa hata na huo. Na hata tungekuwa nao, nina shaka kama yule msichana angeutumia. Jaji amesema, na jaji anaitwa "mwalimu" hata kama ana miaka 26 na shati la kuazima.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kozi tukiwa kwenye basi la Makumbusho, tumekwama kwenye foleni ya Tegeta. Yeye anasoma sheria. Akaniambia nilifanya sawa kabisa. "Kaka, siku jaji akianza kuiacha kadi kwa sababu yeye anajua zaidi, umeshamaliza mashindano. Leo umeiacha kwa binti wa Dunda kwa sababu umesoma vitabu viwili. Kesho mwingine ataiacha kwa mpwa wake." Ni hoja nzito, na mtu aliyekulia nchi hii hahitaji kufafanuliwa inatokea wapi. Tumeona busara ya mwamuzi ikitumika. Kijana wa timu ya pili naye hakuiba kitu. Alikipokea kijitabu, akakisoma usiku, akakiamini. Ningempa msichana zile alama, ningekuwa namwadhibu kwa kuamini alichopewa na sisi wenyewe.

Akaongeza mfano wa mpira. Mwamuzi akipuliza, ni penalti, hata kama picha za marudio zinaonyesha mchezaji alijirusha. Bila hivyo hakuna ligi.

Hapo ndipo niliposhindwa kukubaliana naye, na sikuwa na maneno ya kumjibu mpaka tulipofika Mwenge. Penalti haipo nje ya mpira. Hakuna penalti porini ambayo mwamuzi anaikaribia au kuikosea. Filimbi yake ni sehemu ya kinachoifanya iwe penalti. Lakini maana ya jina Bagamoyo ilikuwapo kabla ya ukumbi ule kujengwa, na itakuwapo feni zikishazimwa. Chemsha bongo imeazima heshima yake yote kutoka nje ya ukumbi. Tunampigia makofi anayejibu kwa sababu tunaamini anaijua dunia. Tukishasema kadi ndiyo inayoamua basi, yule kijana hakushinda kwa kuijua Bagamoyo. Alishinda kwa kuijua kadi, na sisi tuliompigia makofi tulikuwa tunapigia makofi uchapaji wetu.

Kwa hiyo kadi haiwezi kuachwa, na kadi haitoshi. Nimezunguka na jambo hili kwa miezi, na mahali nilipofika ni padogo kuliko nilivyotarajia. Naamini alama zile 10 zilikwenda panapostahili kwa sheria ile mbovu tuliyokuwa nayo. Nilichokosea ni yale maneno mawili. Ningeweza kusema, "Kadi yangu haina jibu hilo." Ningeweza kusema, "Siwezi kukupa alama." Yote mawili yangekuwa kweli. Nilisema "si sahihi", na hilo silo lililokuwa kwenye kadi. Kadi haikusema kwamba wapagazi hawakupumzika. Hilo nililiongeza mimi, kwa kipaza sauti, mbele ya watu kama 200 ambao wengi wao ni wa mji ule, huku nikijua.

Mwenzangu aliposikia hivyo alicheka akasema ni kujifariji, kwamba nimetafuta kosa jepesi la kukiri ili nisilitazame zito. Huenda. Nahodha wa timu iliyoshindwa alitaka tableti, hakutaka sentensi nzuri. Mimi siwezi kumwamulia kwamba alichopoteza ni kidogo.

Nyumbani kwetu tulitegeana vitendawili usiku umeme ukikatika, na nimegundua kwamba sheria zake nilizijua kabla ya sheria za mchezo wowote. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, mtegaji anasema "nipe mji", nawe unampa, Tanga, Mombasa, wowote, anajifanya amekwenda, amekula na kunywa huko, kisha ndipo anakuambia jibu. Mjomba wangu alikuwa na tabia moja. Alitega, nyumba yangu haina mlango, na jibu kila mtoto analijua, yai. Siku moja mdogo wangu akajibu "kaburi". Mjomba akanyamaza. Akasema, "Yangu lilikuwa yai. Lakini hilo lako nalo ni nyumba, na mlango kweli haina." Hakumpa ushindi. Hakumchukulia mji pia. Ilibidi tuendelee na kitendawili kingine huku hakuna aliyeshinda, na nakumbuka nilichukia, kwa sababu nilikuwa nalijua yai.

Mjomba alikuwa na nafasi ambayo mimi sikuwa nayo, nakubali. Hakukuwa na mgeni rasmi anayeangalia saa.

Baada ya picha, nikiwa nakusanya kadi na kuzifunga kwa mpira, yule msichana alinijia. Nilidhani amekuja kulalamika na nilikuwa nimejiandaa. "Samahani, kaka. Naomba kuuliza. Ile ya bwaga moyo nimeambiwa na bibi. Kwa hiyo bibi amekosea?" Aliuliza kama mtu anayeuliza daktari. Hakutaka alama. Alitaka kujua ampelekee bibi yake habari gani.

Ningekuwa na dakika mbili za kumweleza yote niliyoyaandika hapa. Nilikuwa nazo. Basi halikuwa limefika. Nilimwambia, "Kwa mujibu wa kijitabu, ndiyo," nikaendelea kufunga kadi. Akasema, "Haya, asante, kaka," akaondoka na wenzake kuelekea barabarani.

Mji huo umeingizwa tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Watumwa na pembe, vyote viwili, kwenye jina moja. Aliyeiandika orodha hiyo alipata nafasi ya neno "na". Kwenye kadi yetu halikupata nafasi, wala mdomoni mwangu.

Mwaka huu waandaaji wameniomba niandike maswali ya historia ya pwani badala ya kuwa jaji. Nimewatumia 20. La saba ni lile lile la jina, na kwenye kadi yake nimeandika majibu mawili, nikaongeza mstari kwamba jaji akubali lolote kati ya hayo, na kwamba mchezaji akileta la tatu asiambiwe si sahihi, aambiwe halimo. Wamenijibu kwa adabu nyingi. Wanasema 19 yamepita. La saba litawachanganya majaji. Nichague jibu moja au niliondoe. Barua pepe yao bado ninayo, sijaijibu. Mwisho wa kupokea maswali ni Ijumaa.