Nyumba, Rangi na Bahati ya Mkazi

Swali la kama mahali anapoishi mtu pana uwezo wa kuamua hali ya maisha yake, au kama nyumba ni udongo, mawe na mbao tu zinazopokea tabia ya wanaokaa ndani yake, ni la kale katika dini na falsafa, na Wachina ni miongoni mwa waliolitafutia jibu lenye mfumo mpana. Jibu hilo huitwa feng shui, yaani upepo na maji, nayo ni elimu ya kuchagua na kupanga makazi ili chi, pumzi ya uhai inayoaminiwa kupita katika ardhi, hewa na viumbe, ikusanyike badala ya kutawanyika. Kitabu cha Maziko, ambacho mapokeo hukinasibisha na Guo Pu (276–324), hufundisha kwamba chi hupeperushwa na upepo na hukomea penye maji, na anwani ya kitabu hicho inafichua jambo ambalo wauzaji wa mapambo ya nyumba wa siku hizi hulipitia kimya: sehemu kubwa ya elimu hii ilihusu makaburi, yaliyoitwa makazi ya yin, sambamba na nyumba za walio hai, yaani makazi ya yang. Mifupa ya wazazi ikilazwa penye chi njema, ilidaiwa, wana na wajukuu wangejaliwa vyeo, mali na uzao.

Kuitia elimu hii yote kapu moja na ushirikina, hata hivyo, ni pupa. Nyumba ya ua ya Beijing, yenye majengo manne yanayouzunguka uwanja, huwa na jengo kuu upande wa kaskazini likielekea kusini, na lango lake kwenye pembe ya kusini-mashariki, likikabiliwa na ukuta wa sitara ili anayeingia asiuone uwanja moja kwa moja. Mtaalamu wa feng shui atasema kwamba chi imeongozwa iingie taratibu. Mwashi atasema kwamba upepo wa baridi huvuma kutoka kaskazini-magharibi, kwamba jua la kipupwe hupita chini upande wa kusini, na kwamba familia imehifadhiwa faragha yake. Na wote wawili watajenga nyumba ileile. Ugumu huanza pale kanuni inaposafiri. Ikiwa kusini ni upande wa moto kwa sababu jua la adhuhuri la Beijing huwa huko, basi Dar es Salaam, ambako kwa zaidi ya nusu ya mwaka jua hilo huwa kaskazini na ambako pepo hupokezana kati ya kaskazi na kusi, mtaalamu atalazimika ama kuigeuza dira yake na kukiri kwamba kanuni ilizaliwa na hali ya hewa ya nchi moja, ama kuishikilia na kuacha kulitaja jua kuwa sababu. Kuhusu nchi za kusini mwa ikweta, wataalamu wenyewe hawajaafikiana.

Katika rangi, jambo hili linakuwa tata zaidi na pia la kuvutia zaidi. Fikra ya kale ya Kichina inapanga mambo ya ulimwengu katika hali tano zinazozaana na kushindana, ambazo ni mti, moto, udongo, metali na maji, na kila moja ina upande wake na rangi yake: kijani ya mti ni ya mashariki, nyekundu ya moto ni ya kusini, manjano ya udongo ni ya katikati, nyeupe ya metali ni ya magharibi, na nyeusi ya maji ni ya kaskazini. Ndiyo maana mapaa ya kasri la wafalme la Beijing ni ya vigae vya manjano, rangi ya kitovu cha dunia, ilhali paa la maktaba ya Wenyuan, iliyokamilika humo mwaka 1776, ni la vigae vyeusi, kwa kuwa adui wa vitabu ni moto na anayeushinda moto ni maji. Maktaba hiyo iliiga nyingine, Tianyi, yaani “mbingu moja”, ya Ningbo, ambayo Fan Qin aliijenga kati ya 1561 na 1566, akaiwekea vyumba sita chini na ukumbi mmoja juu, kwa sababu katika ufafanuzi wa Kitabu cha Mabadiliko moja na sita ni namba za maji. Mbele yake palikuwa na bwawa, na ukoo wa Fan ulikataza moto na tumbaku visipandishwe orofani. Maktaba ya Tianyi ingalipo.

Ni nini basi kilichoinusuru? Namba haizimi moto, wala kigae cheusi hakimwagi maji, lakini jengo ambalo jina lake, hesabu yake na uwanja wake vyote vinasema maji humkumbusha moto kila anayeingia, na mtu anayekumbushwa ndiye anayechimba bwawa na kutunga katazo. Alama hiyo haikutenda kazi juu ya moto; ilitenda kazi juu ya watu, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu watu hao walijua kuisoma. Kwa Wachina wa kale nyeupe ilikuwa rangi ya msiba na nyekundu rangi ya harusi, kwa hiyo mpambaji anayemhakikishia kila mteja duniani kwamba nyeupe huleta amani amebeba alama na kuwaacha nyuma wasomaji wake. Wanaodai kwamba rangi hugusa mwili pasipo kupitia maana nao wamepata pigo: mwaka 1979 mahabusu ya jeshi la wanamaji mjini Seattle ilipakwa waridi kwa imani kwamba rangi hiyo hutuliza ukali, lakini uchunguzi uliofanywa baadaye katika gereza la Uswisi na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona athari hiyo. Dirisha limefaulu kuliko rangi. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kwamba wagonjwa wa upasuaji wa kibofu cha nyongo waliotazama miti waliondoka hospitalini mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali.

Kwamba mahali humgusa mtu, basi, hakuna haja ya kulibishania. Linalobishaniwa ni kama mahali humgawia mtu fungu lake la dunia, na hapo wapinzani wakali zaidi walikuwa Wachina wenyewe. Wang Chong, katika karne ya kwanza, aliwahoji waliolinganisha sauti ya jina la ukoo na mwelekeo wa mlango: nyumba za maofisa wa serikali zimejengwa kama nyumba za raia, nao hukaa humo kama raia wanavyokaa kwao, mbona hesabu hizo hupigiwa za raia peke yake? Sima Guang (1019–1086), mwanahistoria na waziri, alilalamika kwamba maiti zilikaa miaka bila kuzikwa kwa kungojea ardhi ya bahati, kisha akasimulia yaliyotokea kwao. Jamaa walipong'ang'ania mtaalamu aitwe, kaka yake alimwahidi mtaalamu wa kijijini ujira ambao hakuwahi kuuota, kwa sharti kwamba atasema anayoambiwa. Kaka akapanga mwenyewe siku, mahali na kina cha kaburi kwa kadiri ya nafasi, mtaalamu akafungua kitabu na kutamka kwamba ni heri tupu, na ukoo mzima ukaridhika. Miaka mingi baadaye ndugu hao wawili walikuwa wazee wenye vyeo vikubwa. Kisa ni kitamu, ingawa hoja yake ina ufa, kwa sababu Sima Guang anaipima feng shui kwa mizani ya feng shui yenyewe, yaani ustawi wa uzao, na kama ukoo wake ungefilisika asingekuwa na la kusema.

Ubishi wa namna hii umo pia katika Uislamu. Ibn Umar amepokewa akisimulia hadithi inayoitaja nyumba miongoni mwa vitu vyenye nuksi, na Bi Aisha amepokewa akiipinga, akieleza kwamba Mtume alikuwa akitaja tu imani ya watu wa zama za ujahiliya. Anayesema nyumba fulani ina kisirani amekwisha kuchagua upande katika mjadala huo, hata kama hana habari nao.

Tukirudi kwa Wachina, aliyeukaribia ufumbuzi ni mwanafalsafa Cheng Yi (1033–1107), aliyeandika kwamba uzuri wa kaburi hutambulikana kwa udongo wenye rutuba na mimea iliyostawi, na kwamba la kuangaliwa ni mahali pale pasije pakawa barabara, ukuta wa mji, mfereji, shamba la kulimwa, au ardhi ya kunyang'anywa na wenye nguvu. Hatari zote tano zinamhusu anayelala pale, na hakuna hata moja inayohusu faida ya atakayebaki, kigezo ambacho kingetosha pia kwa kitanda cha mtoto au chumba cha mzee. Hata hivyo Cheng Yi naye aliongeza kwamba roho za wazee zikitulia, wana wao hustawi, kwa kuwa wazee na wana, kwa maelezo yake, ni wa chi moja.