Kitabu Gani Umempa Rafiki Yako?

Msikilizaji wa Geita, kabla mwanao hajatoka kwenda shule, mwulize: kitabu gani ungemwambia rafiki yako akisome? Cha mtihani usikihesabu.

Wengi watamtaja Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi, na wana haki. Anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria ndani, anadai imezaa. Mwenye mali anapokea vyote, tena kwa furaha. Safari nyingine anaambiwa sufuria imekufa. Hapo darasa zima huangua kicheko, na mwalimu naye hujificha nyuma ya daftari.

Yupo atakayetaka hadithi za farasi. Farasi, huku kwetu kwenye ng'ombe na punda! Mbung'o hawakuwapa nafasi. Ila mwaka 1877 Mwingereza Anna Sewell alitoa Black Beauty, farasi akijisimulia mwenyewe: lijamu inavyomuuma, bwana mpole, bwana mkali. Mtoto aliyeona punda akichapwa huku amebebeshwa madumu ya maji ataelewa bila kufafanuliwa.

Kura yangu ni kwa Abunuwasi, lakini usimwambie mwanao. Msikilize yeye kwanza. Na kama kitabu chenyewe kimeachia jalada kwa kupita mikono mingi, mtafutie gundi.