Uaminifu wa Karani Asiyeonwa

Huko Marekani iko kazi ambayo wazee wetu hawakuijua. Karani hukaa nyumbani kwake, hufungua kompyuta, husoma maneno aliyoyaandika daktari juu ya mgonjwa aliye mbali, kisha hugeuza kila ugonjwa kuwa namba. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 nchi ile hutumia orodha iitwayo ICD-10-CM, yenye namba zaidi ya 70,000. Kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine ni E11.9, kikiwa pamoja na ugonjwa wa figo wa muda mrefu, huwa E11.22. Kwa namba hizo bima hujua ilipe nini.

Je, karani huyu, asiyeonwa na msimamizi wala na mgonjwa, amtumikie nani?

Wengi hudhani kishawishi chake ni choyo tu, yaani kuuzidisha ugonjwa ili hospitali ilipwe zaidi. Kuidanganya serikali namna hiyo kwakatazwa na sheria iliyowekwa tangu mwaka 1863. Lakini kiko kishawishi cha pili, nacho huvaa vazi la huruma. Karani aona vipimo vya figo ni vibaya, wala daktari hakuandika neno juu yake. Moyo wamwambia, "Andika tu, umsaidie maskini huyu apate matibabu."

Hapo yatupasa kufikiri sana. Namba haifi malipo yakiisha. Hukaa katika habari za mgonjwa, na daktari wa kesho ataisoma. Huruma isemayo uongo yaweza kumtwika mtu ugonjwa asio nao. Wala kunyamaza si haki, maana huenda figo zaharibika kweli. Basi kanuni ya kazi hiyo yaonyesha njia: karani asikate shauri mwenyewe kwa kuona vipimo, bali amwulize daktari, angoje jibu.

Kuuliza huchelewesha, na makarani wengi hupimwa kwa wingi wa kazi waliyoimaliza. Kwa hiyo hasara ni yake, na faida ni ya mtu asiyemjua, ambaye hatamshukuru kamwe. Hata hivyo mtu huyo ndiye jirani yake.

Nasi tulio na vitabu vya hesabu mikononi, tujiulize: tukiona pengo katika ukurasa, twalijaza kwa kukisia, au twainuka kwenda kumwuliza ajuaye?