Nani Ana Haki ya Kukulaumu?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia una kifungu cha 37, kinachowapa watu wa familia wanaoishi na mwanadiplomasia kinga na nafuu alizonazo yeye mwenyewe. Mashirika ya kimataifa na makampuni nayo yana kanuni zinazofanana na hiyo: mfanyakazi akipangiwa kituo, mwenzi wake anaandikwa chini ya jina lake, tiketi yake inalipiwa na mkataba ule ule, na kibali chake cha kuishi kinadumu kadiri cha mwenzake kinavyodumu. Mtazame mtu huyu akiwa Bujumbura, Burundi. Tuseme ni mke wa mhandisi kutoka Nairobi, au mume wa daktari aliyetumwa kutoka Ulaya. Ana nyumba katika mtaa wa Kiriri au Kinindo, ana ziwa mbele yake na milima ya Kongo ng'ambo, ana muda tele. Lakini sababu ya yeye kuwapo mjini si yake, ni ya mwenzake. Wapo wanaomhurumia kwa hilo na wapo wanaomwonea wivu. Mimi naona hali yake inatulazimisha kufikiri jambo linalotuhusu sote, hata tusiowahi kuvuka mpaka: ni nini hasa kinachomfanya mtu awe anaishi mahali, badala ya kuwa amewekwa tu pale?

Majibu yanayotolewa haraka hayatoshi. Muda peke yake hauwezi kuwa jibu, kwa maana mtu anaweza kukaa Bujumbura miaka kumi na mji wake usizidi nyumba, ofisi na ufuko wa Saga siku za Jumapili. Lugha inasaidia sana, na anayejifunza Kirundi anafanya jambo la heshima, lakini mtafiti aliyekuja kuchunguza watu anaweza kukisema Kirundi vizuri na bado akawa mtazamaji. Kupapenda mahali nako hakutoshi. Jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, linapendwa hata na msafiri wa siku tatu. Methali yetu ya mgeni wa siku mbili, anayepewa jembe siku ya tatu, inakaribia zaidi ukweli, ila naona tumezoea kuielewa nusu. Tunadhani maana ya jembe ni jasho: mgeni naye achangie chakula anachokula. Ukifikiri zaidi, jembe linabadilisha jambo jingine. Kuanzia siku ile mgeni akilala mpaka jua kali, mwenyeji anaweza kununa, na kununa kwake kutakuwa na haki. Siku ya kwanza kungekuwa utovu wa adabu. Hoja yangu ndiyo hii: mtu anaishi mahali pale penye watu wenye haki ya kumlaumu, na yeye mwenyewe akaitambua haki hiyo. Mgeni husamehewa kila kitu, na anayesamehewa kila kitu bado hajahesabiwa.

Chukua ndagala, wale samaki wadogo wanaouzwa katika kila soko la Bujumbura. Wavuvi huwafuata usiku kwa taa, kwa sababu ndagala huvutwa na mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa zinapoteza nguvu, mitumbwi mingi inapumzika, na sokoni bei inapanda. Mwenzi wa mtumishi wa kigeni anayenunua ndagala mwenyewe atajifunza kuhesabu mwezi bila kufundishwa. Lakini kujua huko bado ni kujua kwa mtazamaji. Jambo zito zaidi liko kwenye kipimo. Muuzaji akishajaza kopo na kulimimina mfukoni, huchota kidogo kwa vidole na kuongeza juu. Nyongeza ile si zawadi tupu; anaweka tumaini kwamba utarudi kwake. Ukinunua siku inayofuata kwa jirani yake, hatua mbili kutoka pale, atakuambia waziwazi: "Mama, jana uliniruka." Mtalii hawezi kuambiwa hivyo. Atachekewa, ataitwa, pengine atatajiwa bei ya juu, lakini hatalaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyemtarajia. Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson, katika hotuba yake ya mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, alionyesha kwamba tunapomkasirikia mtu kwa haki tunakuwa tumemchukulia kama mwenzetu katika maisha. Tunapoacha kabisa kumkasirikia, tukaanza kumhudumia, kumwepuka au kumsimamia tu, tumemtoa katika ushirika huo. Yule mwanamke mwenye kopo anatenda jambo lile lile. Lawama yake inamtambua mnunuzi kuliko makaribisho mengi ya hotelini.

Warundi wenyewe walilijenga wazo hili katika desturi yao ya zamani ya bashingantahe. Mtu hakuzaliwa mushingantahe. Alitazamwa kwa miaka, kisha akatawazwa hadharani mbele ya watu wa kilima chake, akala kiapo, na kuanzia hapo akaketi kuamua ugomvi na kupatanisha majirani. Heshima yake haikumweka juu ya maneno ya watu. Ilizidi kumweka machoni pao, maana kosa ambalo kwa mwingine lingepita kimya, kwake lilikuwa aibu. Desturi hiyo imepata misukosuko mingi chini ya wakoloni na chini ya serikali zilizofuata, na sisemi irudishwe kama ilivyokuwa. Naitaja kwa sababu inapingana na dhana iliyoenea sasa kwamba hadhi ni kuongezewa misamaha.

Na misamaha ndiyo hasa anayopewa mwenzi wa mtumishi wa kigeni. Kwa miaka ya karibuni bei ya dola mitaani Bujumbura imekuwa mbali juu ya bei rasmi ya Benki ya Jamhuri ya Burundi. Uhaba wa fedha za kigeni unaomnyima mwenye duka dawa na vipuri ndio unaomfanya mwenye mshahara wa dola aone kila kitu ni rahisi. Petroli ikikosekana, kama ilivyokosekana mara kwa mara tangu kuanza kwa muongo huu, mwenye uwezo anamtuma dereva akalale kwenye foleni, naye asubuhi anakuta tangi limejaa. Jumamosi asubuhi raia wanapokwenda kwenye kazi za pamoja za mtaa, yeye hatarajiwi. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kitulizo kidogo, na mtu aliyechoka ana haki ya kutulizwa. Vikijumlishwa vinamfanya asiwepo kwa namna yoyote inayomgusa mtu mwingine. Ndiyo maana sishangai kwamba maisha yale, yenye bustani na bwawa la kuogelea, mara nyingi huzaa huzuni ambayo mwenyewe hawezi kuieleza, na ambayo anaionea aibu kwa vile anajua wangapi nje ya ukuta wangeyatamani. Huzuni hiyo si ya anasa. Ni ya mtu ambaye akikosekana siku nzima hakuna hesabu ya mtu itakayopungua.

Mtu atapinga: huyu ataondoka baada ya miaka miwili au mitatu, na uaminifu wa kweli unahitaji kudumu. Sikubali kwamba kudumu ndiko kunakotangulia. Bujumbura yenyewe ina mtaa wa Buyenzi, ambao Kiswahili ndicho lugha yake ya nyumbani. Wazee wa mtaa ule walitoka Ujiji, Manyema, pwani na kwingineko. Waliletwa na biashara, na msafara, na jeshi la Wajerumani waliojenga kituo chao cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na wengi wa wanawake miongoni mwao walikuja nyuma ya waume, kwa sababu isiyokuwa yao. Serikali ya Kibelgiji iliyofuata iliwaweka katika vitongoji ambavyo kisheria vilikuwa nje ya mamlaka ya mila, wakawa watu wasio na chifu wala ardhi ya ukoo. Kama kuishi mahali kungesubiri hakikisho la kudumu, Buyenzi isingekuwa mtaa hadi leo. Watu wale walikopeshana, walizikana, waliozeshana, walilaumiana, na kudumu kukaja baadaye, kama matokeo. Deni la Ijumaa linadaiwa Ijumaa, hata kama mdaiwa ana tiketi ya ndege ya mwaka kesho.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na mtu asiyelijali hastahili kuandika juu ya jambo hili. Lawama haipandi mlima. Muuzaji wa ndagala anaweza kulalamika kwa sababu ana wateja wengine. Lakini ndani ya ua yumo yaya, yumo mpishi, na getini yuko zamu, kama mlinzi wa nyumba anavyoitwa Bujumbura. Hawa ndio watu anaokutana nao mwenzi wa kigeni kuanzia asubuhi hadi usiku, na ndio wasioweza kumwambia neno, maana neno moja linaweza kuwagharimu mshahara unaolisha watu wanane. Watamwitikia kwa heshima, wataficha ugonjwa wa mtoto, watasema ndiyo kwa kazi waliyoona tangu mwanzo kwamba haiwezekani. Basi, mpinzani atasema, haki ya kulaumu unayoisifu ni nadharia; anayeishi nao kwa ukaribu zaidi ndiye asiyeweza kulaumiwa nao. Nakubali maelezo yote ya hoja hii, ila nakataa hitimisho lake. Ukimya wa mfanyakazi hauonyeshi kwamba haki yake haipo. Unaonyesha kwamba haki ipo na njia imezibwa, na aliyeshika funguo za njia hiyo ni mmoja tu. Mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoisoma mfanyakazi, siku ya mshahara isiyobadilika, likizo isiyoombwa kama hisani, mshahara unaorekebishwa faranga inaposhuka: mambo haya hutajwa kama ukarimu, na mimi naona si ukarimu. Yanampa mtu mwingine mahali pa kusimama akuambie, "Tulikubaliana, na hukutimiza." Wema usio na makubaliano, hata ukiwa mwingi, unamwacha mfanyakazi na shukrani tu mkononi, na shukrani haiwezi kudai. Wako waajiri wapole ambao wafanyakazi wao hawajawahi kuwapinga kwa miaka, nao wanauchukua ukimya huo kuwa ushahidi wa mapenzi. Wangepaswa kuuogopa.

Lipo pia lalamiko la wenzi wenyewe, hasa wanawake, na linasikika kwa uchungu: nimeacha kazi yangu, nimeacha wanafunzi wangu au wagonjwa wangu, nimefuata ndoa mpaka mji nisioujua, na sasa unaniambia nitafute wa kunilaumu? Uchungu huo ni wa haki, na kwa maoni yangu unaiunga mkono hoja badala ya kuibomoa. Mwalimu aliyeacha darasa hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza wanafunzi arobaini waliokuwa na haki ya kumuuliza mbona jana hukuja. Kazi ndiyo njia kubwa ya mtu mzima kulaumika na watu asiozaliwa nao, na kumnyima mtu ruhusa ya kufanya kazi ni kumfungia katika usamehewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ililiona jambo hili: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema katika kifungu cha 10 kwamba mfanyakazi kutoka nchi mwanachama ana haki ya kufuatana na mwenzi na mtoto wake, na kwamba hao nao wana haki ya kuajiriwa au kujiajiri. Ni miongoni mwa maandishi machache yanayomtazama mwenzi kama mtu mwenye mikono. Kati ya maandishi hayo na dirisha la ofisi ya vibali kuna umbali wa fomu, ada na kanuni za kila nchi, na mwenzi anayetoka nje ya Jumuiya hana hata maandishi hayo ya kuyashika. Anayetaka kumsaidia aanze hapo, kabla ya kumwalika kwenye chai ya kukaribisha wageni.

Mei 2015 mabishano ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipoijaza mitaa ya Bujumbura maandamano, na jaribio la mapinduzi likatangazwa tarehe 13, familia nyingi za watumishi wa kigeni ziliondolewa. Ubalozi wa Marekani uliamriwa kuwaondoa wategemezi pamoja na watumishi ambao kazi zao hazikuwa za dharura. Sina lawama kwa aliyeondoka; risasi hazichagui, na mzazi anayemtoa mtoto hatarini anatimiza wajibu wa kwanza. Lakini amri kama hiyo inasema kitu juu ya hoja yetu. Inatenganisha anayehitajika na asiyehitajika kwa kipimo cha ofisi peke yake, na inamweka mwenzi upande wa pili bila kuuliza kama kuna mtu mjini aliyemtegemea kwa lolote. Aliyekuwa amelipa mshahara mapema usiku ule, akaacha barua ya kumtambulisha yaya kwa mwajiri mwingine, akampigia fundi cherehani wa mtaa wa Bwiza kumwambia nguo zake azimalizie na malipo yatafika, alikuwa akijibu swali ambalo amri haikumuuliza. Na aliyepanda ndege bila mtu yeyote wa kumpigia aliondoka salama vile vile, na hakuna kanuni iliyovunjwa.