Mbung'o Ambaye Hakuwa Mbung'o

Naanza na swali ambalo limeninyima usingizi: mtu akisema jambo analoliamini kabisa, halafu likawa si kweli, amedanganya? Zamani ningejibu haraka: hapana, mwongo ni yule anayejua ukweli akauficha. Siku hizi sijibu haraka.

Mambo yalianza kama mchezo. Nilianza kutazama nzi. Cheka tu, hata mke wangu alicheka. Hapa Nyarugusu nzi tunao wa kutosha, na mimi nilidhani nzi ni nzi. Kumbe duniani zimeshaelezwa aina zaidi ya 150,000, na mbu na usubi wamo humo humo. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758 aliwaweka kundi moja kwa sababu ya mabawa: nzi wa kweli ana mawili tu, nyuki na nyigu wana manne. Pale ambapo mabawa ya nyuma yangekuwa, nzi ana vijirungu viwili vidogo vinavyopigapiga akiruka ili asipinduke. Mwanzoni nilikosea sana, maana mabawa ya nyuki yameshikana kwa vijindoano, ukitazama mbiombio unaona mawili. Halafu kuna nzi wa maua mwenye mistari ya njano kama nyigu. Watoto wanamkimbia, naye maskini hana hata mwiba.

Basi majirani wakaanza kuniita "dokta wa nzi". Jina likanipanda kichwani.

Jioni moja jirani yangu akaja na mdudu ndani ya kifuniko cha chupa. "Papa, huyu amemuuma mtoto, damu ikatoka. Ni nani?" Nilikuwa nakula. Nikatupia jicho, nikaona mdomo mrefu umechomoza mbele kama sindano. Nikasema: "Ah, mbung'o huyo." Nikaendelea kula.

Si mnajua neno hilo kwetu lina uzito gani. Malale tuliyaona Kongo, na hata huku Kigoma yamewahi kuwapo. Yule mama hakulala. Aliuza mafuta yake ya mgao usiku huo huo, kwa bei ya kutupa, akamlipa mwenye baiskeli awapeleke hospitali. Wakamwambia mtoto hana homa, arudi nyumbani, akiona homa arudi.

Asubuhi nikamchukua yule mdudu na kumtazama kwa kioo cha kukuzia. Mbung'o akitua hulaza mabawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Huyu mabawa yalikuwa wazi, lakini maiti si shahidi wa namna alivyotua. Nikatafuta alama isiyobadilika: katikati ya bawa la mbung'o kuna kichumba chenye umbo la shoka. Nikageuza bawa huku, nikageuza kule. Shoka hakuna. Alikuwa nzi wa zizini, yule anayefanana na nzi wa nyumbani ila anauma. Mbuzi wa jirani wanamjua vizuri.

Rafiki yangu mmoja alinitetea. Eti, afadhali kumtisha mama kuliko kunyamaza mtoto akaugua. Nimelipima hilo neno. Lingekuwa kweli kama hofu ingekuwa bure, lakini hofu hapa inauzwa kwa mafuta ya mwezi mzima. Na hata angekuwa mbung'o kweli, walio wengi hawabebi vimelea, na hilo pia sikumwambia. Wala simaanishi ningesema "si mbung'o". Hilo nalo lingekuwa kubahatisha, na pengine baya zaidi.

Kwa hiyo uongo wangu haukuwa kwenye neno "mbung'o". Ulikuwa kwenye sauti. Nilisema kama mtu aliyetazama, na sikuwa nimetazama. Yule mama hakununua jina la mdudu, alinunua macho yangu, nami nikampa mabaki ya jicho la mtu anayekula ugali. Wanaofanya kazi za kuhudumia watu watanielewa: foleni ni ndefu, mtu anataka jibu, na wewe una fulana yenye maandishi mgongoni. "Sijui" inaonekana kama aibu. Hata sisi tumewahi kujibiwa hivyo hivyo, kwa jicho moja, na kuandikwa jambo ambalo si letu.

Nilienda kumwambia. Nilidhani atanisifu kwa ukweli wangu. Akaniuliza tu, "Na mafuta yangu?"

Mgao uliofuata nilimpimia nusu ya yetu, mke wangu akinitazama. Jumanne iliyopita amekuja tena na kifuniko. Ndani mlikuwa na nzi mdogo mweusi, mgongo umepinda kama nundu. Nimemtazama kwa kioo mpaka giza likaingia. Mabawa mawili, vijirungu vipo. Zaidi ya hapo nimemwambia sijui, na yeye amekaa kwenye kigoda akisubiri nimalize kuchora bawa.