Mwanzi na Haki ya Jirani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa khabari ya mtu aliyepanda mianzi nyuma ya nyumba yake, karibu na ua, apate kivuli na kinga ya kaskazi. Nia yake ilikuwa njema, wala hapana aliyemlaumu. Baada ya miaka, jirani yake, naye ni mwanamke mjane, akaona majani ya mianzi yamejaa katika mlizamu wa paa lake hatta maji ya mvua hayafiki birikani. Kisha machipukizi yakatoka upande wake, katikati ya mchicha wake. Mjane hakusema neno. Mtu mwengine alipomsemea, mwenye mianzi akajibu: Mimi sikupanda kwake, mwanzi umekwenda wenyewe chini ya ardhi, na hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini mianzi ile ya upande wa mjane ilipokomaa, alimtuma kijana na panga akaikata, ikafanywa ngazi.

Swali ni hili: mtu huyu ana lawama gani, ilhali hakukusudia?

Twasema: kabla ya kuhukumu yafaa kuujua mmea wenyewe. Mwanzi si mti. Ni katika jamii ya nyasi, ndugu wa muwa na mpunga. Bua lake hutoka ardhini na unene wake wote, likamaliza urefu wake katika miezi michache, kisha halirefuki wala halinenepi tena. Katika mianzi mikubwa ya Uchina chipukizi huweza kupanda karibu mita moja kwa siku moja. Basi mwenye kutazama juu huiona mianzi imesimama pale pale, akadhani imetulia. Kumbe kazi yake yafanyika chini, katika shina lililolala ndani ya udongo, ambalo kila msimu hutoa macho mapya.

Na mianzi ni namna mbili. Iko ambayo mashina yake ya chini ni mafupi, nayo hukaa pamoja kama kichaka kinachotanuka pole pole. Na mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani, tuuonao sana pwani, ni katika namna hii. Na iko ambayo mashina yake ni marefu, yatambaa, yakaibuka mita kadhaa mbali na mama yao; na mingi ya namna hii asili yake ni Uchina na Japani. Siku hizi miche huuzwa kila mahali, na mnunuzi huuliza bei asiulize namna.

Wajapani wamelipata funzo la namna ya pili. Zamani walileta mwanzi mkubwa kutoka Uchina, wakaulima kwa ajili ya machipukizi yaliwayo na kwa mabua yake. Maadamu watu walikuwa wakichimba machipukizi kila mwaka, shamba lilikaa katika mpaka wake. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 plastiki ikashika mahala pa mabua, machipukizi ya bei nafuu yakaletwa kutoka nje, na wakulima wakazeeka. Mashamba mengi yakaachwa, na mianzi ikaingia katika misitu na makonde ya jirani, ikaifunika miti kwa kivuli hatta ikafa. Mwanzi haukubadili tabia yake. Kilichoondoka ni mkono wa mwenyewe.

Hatukusema haya ili tuuchukize mwanzi. Huushika udongo kando ya mito usichukuliwe na maji, huvunja upepo, hutupa ngazi na fito na madema, na bua hukatwa shina lisife. Na Mtume S.A.W. ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha ndege au mtu au mnyama akala katika huo, hupata yeye thawabu ya sadaka. Huenda bwana huyu aliikumbuka hadithi hiyo siku alipopanda, na ni vizuri. Lakini ametufundisha vile vile kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi ya mtu kwa dhuluma, Siku ya Kiama atavikwa shingoni ardhi saba. Sisi tukiisikia hiyo humfikiria mwizi anayesogeza mawe ya mpaka usiku. Hatumfikirii aliyelala usingizi wake, mwanzi ukamsogezea.

Hapa ndipo watu wachanganyapo mambo mawili, dhambi na dhamana. Mtu aliyelala, akageuka akavunja chombo cha mwenziwe, hana dhambi. Walakini chombo atalipa. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja mas-ala iliyo karibu mno na hii yetu: mbegu iliyochukuliwa na mafuriko ikaota katika ardhi ya mtu mwengine. Mmea ni wa mwenye mbegu, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hulazimishwa kuung'oa. Tazama basi: huyu hakupanda, hakujua, na mafuriko hakuyaleta yeye, na juu ya hayo aambiwa, njoo ung'oe kilicho chako. Itakuwaje kwa aliyechimba shimo kwa mkono wake, hatua mbili kutoka ua wa mjane?

Na lau angeshikilia kwamba mwanzi ule ni kazi ya Mungu tu, tungefanya subira naye kidogo. Lakini panga lake limemkadhibisha. Wakati wa majani mlizamuni alisema si wangu. Wakati wa ngazi alisema ni wangu. Sisi twamsadiki katika kauli yake ya pili: ni wako. Na kwa kuwa ni wako, madhara yake pia ni yako, kwani katika sharia faida hufuatana na dhamana. Tena hakuwa na ruhusa ya kumwingiza kijana uani kwa mjane bila ya idhini yake.

Atasema: mbona yeye mwenyewe hakulalamika? Jawabu: wanavyuoni wetu wamekwisha sema kwamba mwenye kunyamaza hahisabiwi kuwa amesema. Na sote twajua kwa nini mjane hunyamaza mbele ya mtu mkubwa wa mtaa. Ana haya, ana khofu, na pengine ana mwana afanyaye kazi dukani kwa bwana huyo. Tangu siku alipoambiwa, udhuru wa kutojua umekwisha, na kila msimu aliouacha upite ni dhambi juu ya dhamana.

Mjane naye ana haki. Matawi yakiingia katika hewa ya nyumba yake, au mizizi katika ardhi yake, aweza kumtaka mwenyewe ayaondoe. Akikataa, na ikiwa hayawezi kugeuzwa, aweza kuyakata, hatta bila ya idhini ya kadhi. Wengine hupenda kumtuliza jirani kwa fedha kidogo ili matawi yabaki. Mashafii hawakuisahihisha suluhu hiyo ikiwa tawi laning'inia hewani tu, kwani hewa peke yake haiuzwi. Lakini asimwage dawa ya kuua majani juu ya machipukizi ya upande wake kisirisiri. Mashina yameungana chini, na dawa huweza kupita hatta kwa mama yao. Na kulipa dhara kwa dhara kumekatazwa.

Kilichobaki ni kazi ya jembe. Mwenye mianzi achimbe handaki upande wa ua, kina chake kiasi cha sentimita 60 hatta 75, akate kila shina linalovuka, na kila msimu arudi kutazama. Machipukizi ya upande wa pili ayang'oe kwa idhini ya mjane na kwa gharama yake mwenyewe. Mabua yanayoinamia paa yakatwe sasa, na mlizamu na birika visafishwe kabla ya masika. Wallahu aalam.