Rukhsa ya Mkimbiaji

Mgonjwa hufungua saumu, msafiri hupunguza sala, asiyeweza kusimama husali kitako. Hiyo ndiyo rukhsa, nami huwaambia wanafunzi wangu wa chuoni hapa Palma kwamba kuikataa ili uonekane ni kiburi. Barobaro mmoja mpenda mbio akaniuliza: na John Stephen Akhwari je?

Habari za Mtanzania yule tunazijua. Rovuma, mto wa mpaka kati yetu Msumbiji na Tanzania, hauzuii redio. Ilikuwa marathoni ya Olimpiki, Oktoba 20, 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Walianza watu 75. Njiani akaanguka, goti likaumia vibaya. Wenzake 18 hawakumaliza, wala sijasikia mtu akiwalaumu. Yeye alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia mara akichechemea, akaingia uwanjani mtu wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Mwili ni amana. Je, aliifanyia khiyana?

Nilimjibu kifiqhi. Haki ni mbili: ya Mungu na ya waja. Ya Mungu, Mwenyewe huisamehe. Ya mja husubiri mja akuachie. Akhwari aliona anadaiwa na waliomtuma. 

“Lakini Mwalimu, Watanzania wangemwachia.”

Kweli wangemwachia. Nikamkumbuka shangazi. Palma iliposhambuliwa na waasi Machi 24, 2021, watu walikimbilia Quitunda na Afungi, wengine wakashika pori kuelekea Rovuma. Miguu yake ilikuwa imekwisha. Akawaambia wanawe: nimewasamehe, nendeni. Wakambeba kwa zamu, na watoto wao wakiwafuata. Haki ilikwisha achiliwa na mwenyewe; walichobeba kuanzia hapo ni ihsani. Nadhani na Akhwari zile kilomita za mwisho alizikimbia kwa ihsani.

“Na kama wangekamatwa wote kwa ajili ya ihsani hiyo?”

Kijana ana kichwa. Akhwari alitoa goti lake mwenyewe. Binamu zangu walitoa na usalama wa watoto ambao hakuna aliyewauliza, na hiyo ni haki ya waja wengine. Walifika wazima, lakini kufika kwao sikukitumia kama dalili, maana wangeweza wasifike na kitendo kikawa kilekile. Akaniomba hukumu. Nikamwambia kwa Akhwari ninayo: hakukosa. Kwa binamu zangu bado nasoma.